Asiondoke Mikono Mitupu: Deni Letu kwa Kijana Tuliyemlea

Kanisa letu linajua kumpokea mtoto. Mtoto akiokotwa mlangoni mwa zahanati, mama akifariki wakati wa kujifungua, bibi akizidiwa na wajukuu sita, tunajua la kufanya. Tuna makao ya watoto. Tuna Idara ya Diakonia. Tuna akina mama wa Umoja wa Wanawake wanaokuja na unga, sabuni na nguo. Tuna waumini waliowachukua watoto wa watu na kuwalea mezani pao bila kutangaza popote. Kwa kazi hiyo Mungu ashukuriwe, na makala hii haikusudii kuipunguza hata kidogo.

Hoja yangu inahusu mwisho wa kazi hiyo. Tunamlea mtoto miaka 10, miaka 15, pengine 18, kisha tunamfungulia geti, tunamwombea, tunamwambia Mungu akutangulie. Ninasema wazi kwamba kanisa lililomlea yatima likamwacha bila chuo wala ufundi halijamaliza kumlea. Ninasema pia kwamba ada yake, malazi yake na vifaa vyake vya kazi ni fungu linalopaswa kuandikwa katika bajeti ya usharika kila mwaka, kama tunavyoandika mshahara wa mwinjilisti na bili ya umeme. Atakayeona hayo ni makubwa mno namwomba asome mpaka mwisho, kisha anijibu.

Geti linapofunguliwa

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Ndiyo sheria inayosimamia makao ya watoto, malezi ya kambo na kuasili, na ni sheria njema. Lakini mstari wa miaka 18 uliwekwa ili kumlinda mtoto. Haukuwekwa ili kumwonyesha mlezi siku ya kupumzika, na katika nyumba zetu wenyewe hakuna anayeusoma hivyo. Kijana wako akimaliza Kidato cha Nne akiwa na miaka 18 humtoi nje. Unaanza kuulizia vyuo. Unauza ng'ombe, unakopa kwenye SACCOS, unampigia simu shemeji yako aliye Dodoma amtafutie chumba karibu na chuo. Kwa wazazi wengi miaka hiyo inayofuata ndiyo ya gharama kuliko yote iliyotangulia. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wangeweza kuongeza kwamba kumtoa mwana ni kazi kuliko zote mbili.

Kwa kijana aliyelelewa na kanisa mambo huenda kinyume. Serikali imefuta ada katika shule zake za sekondari, tangu 2016 hadi Kidato cha Nne na tangu 2022 hadi Kidato cha Sita. Tunaishukuru. Matokeo yake ni kwamba mzigo mkubwa wa ada umehamia mlango unaofuata, mlango wa chuo. Na mlango huo kijana wetu huufikia wakati uleule anaopoteza kitanda, sahani, na mtu wa kuuliza amelala wapi. Ada inapoanza, nyumba inakwisha.

Nimewasikiliza vijana wa namna hii katika miaka yangu ya utumishi. Mazungumzo yao hayaanzii kwenye njaa. Huanzia kwenye fomu: sehemu ya jina la baba, sehemu ya mdhamini, sehemu ya mahali utakapokaa wakati wa likizo. Likizo ni neno zuri kwa mwenye kwao. Wenzao wanafunga mabegi kwenda Moshi, Mbeya, Iringa au Bukoba. Wao wanaomba ruhusa ya kubaki bwenini, au wanahamahama kwa marafiki wiki kwa wiki. Msichana asiye na pa kulala siku ya kufunga chuo hakosi mtu wa kumpa pa kulala, na sote tunajua bei anayotozwa. Sisi tunaowahubiria vijana usafi wa maisha tuanzie hapo.

"Mkopo upo, VETA ipo"

Nitaambiwa kwamba serikali ina utaratibu wake. Ni kweli. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, na yatima wamo miongoni mwa wanaopewa kipaumbele. Lakini hebu tuutazame utaratibu huo kwa macho ya anayeomba. Anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa. Anatakiwa kuwa na vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Anatakiwa kuwa na mdhamini, mwenye kitambulisho na picha. Anatakiwa kulipa ada ya maombi, ambayo imekuwa shilingi 30,000, kabla hajaona hata senti moja ya mkopo.

Sasa mchukue kijana aliyeokotwa akiwa mchanga. Ataleta cheti cha kifo cha nani? Itabidi afuatilie barua za ustawi wa jamii, pengine kutoka wilaya ambayo hajaikanyaga tangu alipookotwa. Jambo hilo linawezekana. Linahitaji mtu mzima mwenye nauli, simu na subira, atakayesimama naye kwenye foleni na kurudi kesho akiambiwa bosi hayupo. Kwa lugha ya kawaida, linahitaji mzazi.

Zaidi ya hapo, mkopo huo uliundwa kwa ajili ya elimu ya juu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 ulifunguliwa pia kwa stashahada za fani zilizochaguliwa, na hiyo ni hatua njema. Lakini wako vijana wetu wengi ambao hawafiki huko. Masomo yao yalikatika-katika. Walianza darasa la kwanza wakiwa wamechelewa, walihamishwa shule kila walipohamishwa nyumba, walikaa darasani huku akili iko kwa mdogo wao aliyepelekwa kwa shangazi. Wanamaliza Kidato cha Nne na daraja la nne, au bila daraja. Hao mlango wao ni ufundi stadi: umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, useremala, ufundi magari, upishi.

Hapo mtu husema ada ya VETA ni ndogo, kwa hiyo hakuna haja ya kelele. Ni ndogo kweli. Katika vyuo vinavyomilikiwa na VETA yenyewe ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Lakini aliyekosa nafasi ya bweni hupanga chumba. Anakula, japo mara mbili kwa siku. Ananunua ovaroli na viatu vya kazi. Anajilipia nauli ya kwenda mafunzo ya vitendo mahali ambapo halipwi. Na siku ya kuhitimu anapewa cheti bila bisibisi. Fundi umeme asiye na testa na koleo, mshonaji asiye na cherehani, seremala asiye na randa, wote hao tutawakuta wanabeba zege na vyeti vyao viko kwenye bahasha ya kaki. Mkono mtupu haulambwi, na cheti kisicho na cherehani ni mkono mtupu.

Kwa hiyo nikisema msaada wa masomo sisemi ada peke yake. Nasema mambo matano: ada, mahali pa kulala pamoja na wakati wa likizo, chakula, vifaa vya kuanzia kazi, na mtu mzima mmoja mwenye jina anayepokea simu. Usharika unaolipa ada na kuyaacha manne mengine unalipia nafasi ya kijana kuacha chuo muhula wa pili.

Torati ilikwisha kulisema

Katika Kumbukumbu la Torati 15:12-15 Mungu anaweka sheria juu ya mtumwa wa Kiebrania. Akitumika miaka sita, mwaka wa saba anaachwa huru. Lakini bwana wake hana ruhusa ya kumtoa mikono mitupu. Anatakiwa kumpa kwa ukarimu kutoka katika kundi lake, katika uwanja wake wa kupuria nafaka na katika shinikizo lake la divai. Tuangalie vitu vinavyotajwa. Mifugo ni mtaji utakaozaa. Nafaka ni chakula cha kumvusha mpaka avune shamba lake. Divai ni ya furaha, maana anaondoka kama mtu mwenye heshima yake. Kisha Israeli inaambiwa sababu: nawe ulikuwa mtumwa Misri, na Bwana akakukomboa. Tena tukirudi kitabu cha Kutoka 3:21-22 tunaona kwamba Israeli wenyewe waliahidiwa kutoka Misri bila kuwa watupu. Mungu haachi watu huru ili wakaombe njiani.

Kama mtumwa wa miaka sita alistahili kundi na nafaka, mtoto tuliyemwita mtoto wetu, tuliyembatiza, tuliyemweka picha yake kwenye taarifa ya mwaka, anastahili nini?

Mfano wa pili ni Mordekai. Esta alikuwa yatima wa baba na mama, na Mordekai, ndugu yake, alimchukua akamlea kama binti yake (Esta 2:7). Halafu Esta akachukuliwa kwenda nyumba ya mfalme. Kwa hesabu zetu Mordekai alikuwa amemaliza. Binti amekua, yuko ikulu, anakula vizuri. Lakini Esta 2:11 inatueleza kwamba kila siku Mordekai alikuwa akipita mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili ajue hali ya Esta na yatakayompata. Hakuwa na mamlaka ndani ya ukuta ule. Aliendelea kupita. Ningependa kuona makao ya watoto ambayo mlezi wake anajua, kila wiki, hali ya msichana wake aliye chuoni Singida au Mtwara.

Mfano wa tatu tunao ndani ya Imani ya Mitume. Tunakiri kwamba Bwana wetu alichukuliwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Yusufu alikuwa mlezi wake. Na watu wa Nazareti, walipotaka kumdharau, walimwita seremala (Marko 6:3) na mwana wa seremala (Mathayo 13:55). Biblia haisimulii siku alizoshika msumeno, lakini jirani zake walimjua kwa kazi hiyo, na kazi hiyo ilikuwa ya mlezi wake. Mwana wa Mungu alipokuwa chini ya malezi ya mtu asiyemzaa, hakukosa ufundi mkononi.

Walutheri hatuna udhuru

Wapo wanaodhani kwamba mambo ya ada na chuo ni ya mashirika, na kwamba kazi ya kanisa la Matengenezo ni kuhubiri kuhesabiwa haki kwa imani. Wasome kilichotokea Leisnig, mji mdogo wa Saxony, mwaka 1523. Waumini wa Leisnig walitunga utaratibu wa hazina ya pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji na kuupeleka uchapwe. Walipanga kuchagua wasimamizi 10 kutoka tabaka mbalimbali, wakiwemo watu wa vijijini. Sanduku la fedha liliwekewa kufuli nne tofauti, na funguo zake zikagawanywa ili kundi moja lisiweze kulifungua peke yake. Wasimamizi walitakiwa kukutana kila Jumapili.

Na fedha hiyo ilikuwa ya nini? Ya mchungaji, ya mwalimu, ya wazee wasiojiweza, na ya yatima. Utaratibu ule ulisema yatima maskini watunzwe na hazina mpaka watakapoweza kufanya kazi na kujipatia chakula chao. Wavulana wenye kipaji cha masomo wasaidiwe kusoma; wengine wafundishwe kazi za mikono na ufundi unaofaa; wasichana wasaidiwe mahari wanapoolewa. Sisi leo tutamweka msichana shuleni pamoja na mvulana, na hilo ni sawa. Lakini angalia kipimo kilichowekwa miaka 500 iliyopita. Hakikuwa umri. Msaada ulikoma pale yatima alipoweza kujitegemea. Na aliyepelekwa shule na aliyepelekwa ufundi walitofautishwa kwa kipaji, bila kuuliza wamezaliwa na nani.

Sitaficha kwamba mpango ule uligonga mwamba, kwa sababu baraza la mji halikutaka kuachia mali iliyotakiwa kuingia katika hazina. Hiyo nayo ni historia yetu. Tangu mwanzo, watu wamekubali hoja ya yatima kwa midomo na kuikataa kwa funguo.

Mwaka uliofuata, 1524, Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule. Aliwaambia kwamba kila mwaka wanatumia fedha nyingi kwa silaha, barabara, madaraja na mabwawa ili mji uwe salama. Kwa nini wasitumie walau kiasi kama hicho kwa ajili ya vijana maskini? Mtu akitaka kuisoma hoja hiyo kwa Kiswahili cha leo, aweke mnara, vigae, kinanda kipya na basi la kwaya mahali pa silaha na madaraja. Mimi sipingi mnara. Ninauliza kwa nini mnara una kamati, una mchoro, una ahadi za miaka mitatu na mtunza hazina wake, wakati kijana aliyekulia chini ya mnara huo hana hata mstari mmoja kwenye kitabu cha mapato na matumizi.

Tena tunafundisha darasani kwamba kila kazi halali ni wito. Mfinyanzi, mkulima, mama jikoni, hakimu, kila mmoja anamtumikia Mungu kwa kumtumikia jirani. Hilo ni fundisho letu na tunajivunia. Basi anayemwacha kijana bila ufundi anamzuilia namna ya kumtumikia jirani yake, kisha Jumapili anamhubiria juu ya wito.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza husema: hata watoto wenye wazazi wanateseka, kwa nini hawa wapendelewe? Namheshimu anayesema hivyo, kwa sababu mara nyingi ni mzazi aliyeuza shamba. Lakini kuna tofauti. Kanisa halikujiandikisha kuwa mzazi wa mtoto wake. Kwake yeye mzazi yuko hai. Kwa huyu mwingine kanisa lilikaa mbele ya afisa ustawi wa jamii likasema, sisi tutamlea. Deni hufuata saini. Tuwasaidie pia maskini wengine, na tufanye hivyo kwa bidii. Shida ya mtoto wa jirani haifuti wajibu wangu kwa mtoto niliyemchukua.

Wa pili husema: watazoea kusaidiwa. Ningependa kujua ni kwa nini kijana anayelipiwa na baba yake mpaka miaka 25 tunamwita msomi, na anayelipiwa na kanisa mpaka miaka 21 tunamwita tegemezi. Hakuna msaada unaomaliza utegemezi haraka kuliko ufundi na vifaa vyake. Tunayemtoa bila kitu ndiye atakayerudi kuomba nauli mpaka uzeeni.

Wa tatu husema: hao wana wafadhili wao wa nje. Wengine wanao, na wafadhili hao wengi ni ndugu zetu katika imani. Lakini fadhili nyingine husimama mtoto anapofikisha miaka 18, na mfadhili naye huzeeka, hufa, au usharika wake hufungwa. Na tuseme jambo moja zaidi. Marekani, ambako wengi wa ndugu hao wanatoka, ilitunga sheria mwaka 1999, iliyobeba jina la Seneta John Chafee, kwa ajili ya vijana wanaotoka katika malezi ya kambo kuingia maisha ya utu uzima. Baadaye ikaongezwa hati ya malipo ya chuo au ufundi, hadi dola 5,000 kwa mwaka, na mwaka 2018 umri ukasogezwa hadi miaka 26. Huko nako vijana wengi bado wanaanguka, kwa hiyo sisemi ni mbinguni. Nasema taifa tajiri lenye vyuo kila kona limekiri kwamba miaka 18 haitoshi kumwacha asiye na wazazi. Sisi tunaojisifu kwa undugu, tunaosema mtoto ni wa jamii nzima, tunahitaji kuambiwa hilo na nani?

Wa nne husema: yatima wapelekwe ufundi wote, chuo kikuu ni cha wenye uwezo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa linasemwa kwa upole. Ufundi ni wito wenye heshima kwa anayeuweza na kuupenda. Ukigeuzwa kuwa adhabu ya kutokuwa na wazazi, unadharau ufundi na unamdharau kijana. Msichana mwenye alama za kusomea udaktari asishonwe kwenye cherehani kwa sababu kamati imechoka. Na mvulana mwenye mikono ya dhahabu asilazimishwe kwenda chuo kikuu ili tupate picha ya joho.

Wa tano husema: Mungu ndiye Baba wa yatima. Zaburi 68 inasema hivyo na ni kweli. Lakini Yakobo, aliyetufundisha kwamba dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao (1:27), ndiye huyohuyo aliyewauliza waliomwaga mwenye njaa kwa maneno ya amani bila kumpa chakula kwamba yafaa nini (2:15-16). Jina la Mungu lisitumike kama geti la kutokea.

Wengine watasema tuna harambee. Naam, ninaijua. Kijana anasimamishwa mbele ya usharika, kipaza sauti kinamfikia, anasimulia alivyookotwa, akina mama wanalia, kikapu kinapita, inapatikana ada ya muhula mmoja. Muhula wa pili hana hadithi mpya ya kusimulia. Mtoto wa mzee wa kanisa hasimamishwi madhabahuni kueleza siri za kuzaliwa kwake ili alipiwe chuo. Baba yake anamlipia kimya kimya, na heshima yake inabaki. Tunaowalea kwa niaba ya Mungu tuwape heshima hiyohiyo.

Yanayopaswa kufanyika

Kwanza, fungu la kudumu. Chukua usharika wenye bahasha 400. Kila bahasha ikiongezewa shilingi 500 kwa mwezi, inapatikana shilingi 200,000 kila mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakijengi mnara, lakini kinalipa ada ya ufundi ya vijana kadhaa, kinawapangia chumba na kununua cherehani. Usharika mdogo uungane na jirani zake jimboni. Funguo zigawanywe kama Leisnig, na hesabu zisomwe hadharani bila kutaja jina la kijana yeyote.

Pili, maandalizi yaanze darasa la Kipaimara, kijana akiwa na miaka 14 hivi. Mwaka huo mlezi ahakikishe cheti cha kuzaliwa kipo, barua za ustawi wa jamii zipo, vyeti vya vifo kama vipo vimehakikiwa. Kuanza kutafuta karatasi hizo wiki ya mwisho ya maombi ya mkopo ni kumfelisha kijana kabla hajaomba.

Tatu, wasimamizi wa ubatizo wapewe kazi. Waliahidi mbele za Mungu kwamba watamtunza huyu katika imani. Kwa mtoto asiye na wazazi, Baraza la Wazee liteue nyumba mbili zitakazokuwa wasimamizi wake kwelikweli: jina lao liandikwe sehemu ya mdhamini, kitanda chao kiwe tayari Desemba, simu yao ipokee usiku.

Nne, vyuo vyetu. Kanisa lina vyuo vya ufundi, vya uuguzi, vya ualimu na vyuo vikuu. Kila kimoja kitenge nafasi zisizo na ada kwa vijana waliolelewa na kanisa lilelile linalokimiliki. Ni jambo la aibu mtoto wa nyumbani kurudishwa kwa ada kwenye mlango wa chuo cha nyumbani.

Tano, taarifa. Makao yetu huripoti wameingia watoto wangapi. Yaripoti pia waliotoka miaka 5 iliyopita wako wapi: wangapi wako chuoni, wangapi wana kazi, wangapi hatujui walipo. Hiyo idadi ya tatu ndiyo itakayotufundisha kuliko semina zote.

Msomaji mpendwa, mikutano mikuu ya sharika zetu haiko mbali. Bajeti itagawiwa, itasomwa kifungu kwa kifungu, na mwenyekiti atauliza kama kuna swali. Simama uulize fungu la vijana wanaotoka katika malezi ya kanisa liko ukurasa gani. Ukijibiwa kwamba halipo, uombe liandikwe hapohapo, na usiketi mpaka limewekewa tarakimu.